Usilipake rangi: mwongozo kamili wa kuuza gari la spoti la zamani ukiwa Lubumbashi

Baba alinunua Alfa Romeo 1750 GTV mwaka 1974. Muuzaji alikuwa Mtaliano aliyekuwa anafungasha virago baada ya hatua za zairianisation za tarehe 30 Novemba 1973, serikali ilipotwaa biashara za wageni. Gari lilikuwa jeupe, lenye taa nne mbele, usukani wa kushoto na gia tano. Lilimpeleka kazini Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, likatuchukua watoto kwenda Likasi siku za sikukuu, kisha mwaka 1991, mji ulipoporwa, Baba akaling'oa magurudumu, akalipandisha juu ya matofali na kulizungushia magunia ya mahindi. Halikutoka tena. Alipofariki lilikuwa bado pale pale, chini ya bati, vumbi jekundu la Katanga limelifunika mpaka vioo.

Matanga yalikuwa hayajapoa vizuri watu wakaanza kupiga hodi. "Papa, ile motokari uko nauzisha?" Na kila mmoja, awe mnunuzi, komisionere (dalali) au jirani mwenye nia njema, alinipa ushauri ule ule: lipige rangi kwanza, ubadilishe viti, ndipo litapata beyi. Nakuomba, wewe uliye na gari la namna hii kwenye ua wa nyumbani, usiusikilize ushauri huo. Kwa Toyota ya kubebea watu una maana. Kwa gari la spoti lenye miaka hamsini, ambalo limekaa kwenye jamaa moja na halijaguswa, ushauri huo unakunyang'anya kitu pekee ulicho nacho ambacho wengine hawana.

Nitaeleza kwa nini, kisha nitakupitisha hatua kwa hatua kama nilivyopita mimi.

Mwezi wa pili mwaka 2015, mjini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza magari 59 ya mkusanyaji mmoja Mfaransa, Roger Baillon, yaliyokutwa shambani yameachwa kwa miaka mingi. Mengine yalikuwa yameoza kabisa. Hawakuyaosha. Yaliingia ukumbini na vumbi lake, na Ferrari moja ya aina ya 250 GT California iliuzwa zaidi ya euro milioni 16. Alfa yako si Ferrari ile, wala bei yake haitaikaribia. Lakini akili ya wanunuzi ni ile ile: rangi mpya inaweza kupigwa siku yoyote, rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa imekwenda moja kwa moja.

Sababu ya pili ni ya fedha taslimu. Wanunuzi wengi wa magari haya wako Ulaya. Huko, gari lenye miaka 30 au zaidi, la aina isiyotengenezwa tena, na lililobaki katika hali yake ya asili bila kubadilishwa shasi, injini, breki wala usukani, linaweza kupita duane, yaani forodha, kama kitu cha wakusanyaji. Likikubaliwa hivyo, ushuru wa forodha ni sifuri, na Ubelgiji hutoza kodi ya thamani ya asilimia 6 tu. Lisipokubaliwa, ni gari kuukuu la kawaida: ushuru asilimia 10, kisha kodi asilimia 21 juu ya jumla. Piga hesabu kwa gari la euro 20,000, tukiacha gharama za safari pembeni. Njia ya kwanza mnunuzi analipa 1,200. Njia ya pili analipa 2,000 za ushuru na 4,620 za kodi, jumla 6,620. Tofauti ni euro 5,420, na mnunuzi mwenye akili atazitoa kwenye bei yako. Kwa hiyo yule fundi anayetaka kukuwekea injini ya Toyota ili gari litembee anakutia hasara mara mbili.

Hatua ya kwanza: jamaa

Usipige picha hata moja kabla ya hili. Gari la marehemu si lako peke yako, hata kama wewe ndiye uliyelifagilia miaka yote. Sheria ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto kundi la kwanza la warithi, nao wanapata robo tatu ya urithi. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wanagawana robo inayobaki. Na kabla ya kugawa, sehemu ya mjane mwenyewe hutolewa kwanza kulingana na namna ndoa yao ilivyofungwa.

Sisi tuko sita. Mmoja yuko Kolwezi, mmoja Ndola, wengine hapa. Tulikaa siku nzima chini ya mwembe kwa Mama, na baba mdogo akaongoza baraza. Yaliyokubaliwa yaliandikwa: gari linauzwa, anayeuza kwa jina la wote ni mimi, bei ya chini kabisa ni hii, fedha zitapita kwenye akaunti hii, mgawo ni huu. Wote wakatia sahihi, na wa Ndola akatuma yake pamoja na nakala ya kitambulisho. Tukaipeleka karatasi kwa notere, mthibitishaji wa hati, pamoja na hati ya urithi.

Ongeza jambo moja ambalo watu husahau: kila mtu aseme siku hiyo kama kuna kitu cha gari anachotaka kibaki nyumbani. Ukimwahidi mnunuzi gari zima halafu mdogo wako akang'oa alama ya mbele kwa sababu ya kumkumbuka Baba, umeshaharibu biashara. Mama aliomba plake, vile vibao vya namba. Nitarudi kwa hilo.

Kama gari ni lako na uko hai, afya njema, bado zungumza na mwenzako wa ndoa. Sahihi yake kwenye mkataba inazuia kesi.

Hatua ya pili: karatasi, zote, hata zilizoliwa na panya

Hapa ndipo penye utajiri, nami nitakaa kidogo.

Gari lililokaa Lubumbashi tangu miaka ya sitini au sabini limepita katika historia ambayo hakuna gari la Milano wala Antwerp linaweza kuisimulia. Mji uliitwa Élisabethville mpaka 1966. Nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 mpaka 1997. Mkoa wetu uliitwa Katanga, ukawa Shaba, ukarudi Katanga, na tangu 2015 ni Haut-Katanga. Kila jina limeacha mhuri. Baba alikuwa na risiti iliyoandikwa kwa mkono, bei kwa zaire. Bima ya 1978 yenye neno Shaba. Kikaratasi cha petroli cha Likasi. Barua ya garaji kuhusu gia ya pili. Mnunuzi wa Ulaya aliposoma hizo karatasi moja baada ya nyingine, hakuuliza tena kama gari liliibwa au lilitoka wapi.

Tafuta basi katika sanduku la vyeti, chini ya godoro, ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa mlango wa gari na chini ya zulia lake. Unatafuta risiti ya ununuzi, karte roze (kadi ya umiliki wa gari), plake za zamani, vinyeti (stika za kodi ya gari), bima, risiti za vipuri, kitabu cha gari kutoka kiwandani, ufunguo wa pili, na picha za jamaa ambazo gari linaonekana. Picha ya harusi yenye gari nyuma, ikiwa na mwaka nyuma yake, ni ushahidi wa rangi ya gari wakati ule.

Usigundishe karatasi zilizochanika kwa skochi. Zitie kwenye mifuko ya plastiki angavu, zipige picha mbele na nyuma, zipange kwa miaka. Kisha andika ukurasa mmoja wa historia: nani alinunua, lini, kwa nani, lilitembea wapi, lililazwa lini na kwa nini. Usipojua mwaka, andika "kabla ya 1980" au "baada ya kuzaliwa mtoto wa tatu". Usibuni.

Kama karte roze ya sasa haipo au iko kwa jina la mtu wa zamani, lishughulikie hilo kabla ya kutangaza. Gari lisilo na karatasi ya umiliki mkononi linauzwa kwa bei ya vipuri, na anayekuambia "tutapanga mbele ya safari" ni yeye atakayepanga, kwa faida yake.

Hatua ya tatu: namba

Namba ya shasi kwenye Alfa hizi imegongwa katika ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku, na kwenye 1750 mwanzo wake ni 00548. Safisha kwa kitambaa, mafuta kidogo na uvumilivu. Usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa maana namba iliyokwanguliwa inamtia mnunuzi wasiwasi kuliko namba iliyofichwa na kutu. Piga picha mwanga ukitoka ubavuni, kivuli kitaonyesha kila tarakimu.

Ukishapata namba ya shasi, waandikie watu wa hifadhi ya nyaraka za Alfa Romeo, Arese, karibu na Milano. Hutoa hati ya asili: tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza, na gari lilipelekwa wapi. Porsche na Mercedes nao wana huduma zinazofanana, na kwa magari mengi ya Kiingereza kuna jumba la makumbusho la Gaydon, Uingereza. Inalipiwa, na inachukua muda. Lipa. Hati yetu ilisema nyeupe, ile waliyoiita Biancospino, na gari lilikuwa jeupe. Sentensi hiyo fupi ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Kama injini si ya kwanza, sema. Magari mengi hapa yaliokolewa na injini za magari mengine, na hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kunyamaza.

Hatua ya nne: kutazama bila kugusa

Kabla ya kufagia hata jani, piga picha za gari lilivyolala: matofali, magunia, vumbi, vyote. Hutapata nafasi ya pili.

Baada ya hapo unaweza kuliosha, kwa maji ya ndoo, sabuni laini na sponji. Usitumie mashine ya maji yenye nguvu, itaingiza maji kwenye mipira iliyokauka. Wala usipake mafuta ya taa au gazoili kwenye matairi, dashibodi na viti, kama vijana wa kuosha magari wanavyopenda. Yanang'aa siku mbili, yanaharibu daima. Toa viota vya panya kwa glavu na barakoa. Kila kilichodondoka, hata skrubu, kitie kwenye mfuko na uandike kilitoka wapi.

Sasa kutu. Kiangazi chetu kirefu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, kimeokoa magari mengi ambayo Ulaya yangekuwa yameisha kwa chumvi ya barabarani. Lakini mvua za Novemba mpaka Aprili zinafanya kazi yao pale bati linapovuja. Kwenye Alfa tazama maboksi ya chuma chini ya milango, sakafu chini ya mazulia, shimo la gurudumu la akiba, kingo za magurudumu, chini ya kioo cha mbele, na bati la chini kabisa la pua. Chukua sumaku ya spika kuukuu, izungushie kitambaa chepesi, ipitishe polepole. Inaposhika, ni chuma. Inapoteleza, kuna mastiki, ile poda ya kujazia bodi.

Kwetu iliteleza kwenye mlango wa kushoto. Nilikumbuka: mwaka 1998 kaka yangu alimwita tolie mmoja, fundi wa bodi, anyooshe kidonda kidogo, naye akajaza mastiki nene kama andazi na kupiga nyeupe isiyolingana. Kidonda chenyewe kingemgharimu mnunuzi kidogo tu. Mastiki ile ilimfanya aulize kila paneli iliyobaki, na ilituchukua majuma mawili ya picha na video kumtuliza. Mlango mmoja, majuma mawili. Fikiria gari zima.

Hatua ya tano: je, uliwashe?

Vijana watakuja na batri ya lori na jerikani. Wazuie. Injini iliyolala miaka thelathini huenda ina pete zilizoshikana na silinda, na ukiizungusha kwa nguvu unavunja kilichokuwa kizima. Injini ya 1750 ina bloku na kichwa cha alumini, na hapa kwetu, kwa kuwa hakuna barafu, watu wametia maji ya bomba tupu miaka yote. Maji hayo yanakula alumini kutoka ndani.

Anayetaka kujaribu afuate utaratibu huu. Toa buji (plagi) zote nne. Tia mafuta mepesi ya injini, kijiko kimoja cha chai kila silinda, subiri siku mbili au tatu, rudia. Kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati kubwa ya mbele, polepole. Ikigoma, acha hapo na uandike kwenye tangazo kwamba haizunguki. Ikizunguka, mwaga mafuta ya zamani na uangalie kama yana rangi ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia kwenye mafuta. Mwaga petroli ya zamani yote, imeshakuwa gundi. Lishe injini kutoka kwenye kopo safi, si kutoka tangi. Usiliendeshe. Breki zimelala pia, na mipira yake imekufa.

Maoni yangu: kama huna fundi mtulivu aliyewahi kufanya kazi na karbirateri mbili za aina ya Weber, acha kwenye kuzunguka kwa mkono. "Injini inazunguka, haijawashwa tangu 1991" ni sentensi nzuri sana sokoni. Inamwambia mnunuzi kwamba hakuna aliyejaribu na kuharibu. Taja pia madhaifu unayoyajua. Gia ya pili kukwaruza ni ugonjwa wa kawaida wa Alfa hizi, na anayezipenda ataamini mengine yote ukilisema hilo mwenyewe.

Hatua ya sita: picha

Piga kiangazi, saa kumi jioni, jua likiwa limelegea. Sogeza gari nje kama magurudumu yanakubali. Simu nzuri inatosha.

Mimi nilipiga 140 hivi. Pande nne na pembe nne, kisha kila paneli peke yake, milango ikiwa wazi na imefungwa, ili mianya ionekane, sakafu bila mazulia, chini ya gari, ukilala kwenye kadibodi na tochi, injini kila upande, saa ya kilomita, namba, kila kutu, na kidole au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Ongeza video moja isiyokatwa ya kulizunguka gari, na nyingine ya injini ikizungushwa kwa mkono. Picha za kasoro ziwe nyingi kuliko picha za uzuri. Mtu aliye zaidi ya kilomita elfu sita hawezi kuja kupapasa. Macho yake ni wewe.

Ficha namba ya nyumba, sura za watoto na kona ya barabara. Gari linalojulikana lilipo hupungua usiku hadi usiku, kioo leo, taa kesho.

Bei

Usitazame bei wanazoomba watu kwenye matangazo. Tazama bei zilizolipwa. Nyumba za mnada kama Bonhams, Artcurial na RM Sotheby's huchapisha matokeo, na minada ya mtandaoni kama Bring a Trailer huacha matokeo wazi na maoni ya wanunuzi chini yake. Tafuta magari ya aina yako, mwaka ule ule, hali ile ile: yasiyokarabatiwa. Matano yanatosha kukupa picha.

Kisha fikiri kama mnunuzi. Chukua mfano wa kufundishia tu: gari linalotembea vizuri limelipwa euro 40,000. Yeye anatoa 15,000 za kazi ya bodi, 6,000 za injini na breki, 6,000 za safari na duane. Zinabaki 13,000, na bado anataka kujilipa kwa hatari anayobeba. Hapo ndipo maongezi yanaanza, na hapo ndipo karatasi na rangi ya asili zinakupandisha juu ya hesabu hiyo. Usikasirike kwa hesabu yake. Kasirika kwa yule anayekuja na dola 1,500 mkononi na kusema "mukubwa, hii ni chuma chakavu, nakusaidia tu".

Tangazo na wanunuzi

Andika kwa Kifaransa, umwombe mtu akusahihishie Kiitaliano na Kiingereza. Anza na yaliyo imara: aina, mwaka, namba ya shasi, jamaa moja tangu 1974, rangi ya asili isipokuwa mlango wa kushoto. Halafu kasoro, zote. Halafu karatasi zilizopo. Epuka maneno ya sifa, picha zitasema. Vilabu vya Alfa vya Ubelgiji na Italia vina watu wanaolijua gari lako kuliko wewe, na mara nyingi wao ndio wanunuzi bora, kwa sababu hawashangazwi na kutu.

Hapa nyumbani pia kuna wanunuzi, wenye kampuni zinazohudumia migodi na wachache wanaokusanya. Kwao bei ni ndogo lakini unaepuka safari. Komisionere akileta mtu, asilimia yake iandikwe kabla hajatoa jina, na ilipwe fedha ikishaingia, si siku ya miadi.

Mtu akitaka kuja kuona, aje mchana, uwe na ndugu wawili, na gari lisiachwe wazi naye peke yake. Akitaka kutuma mkaguzi, mkubalie mara moja. Anayekataa kuona, asiyeuliza kuhusu kutu, na anayeharakisha kulipa zaidi ya bei ili umrudishie tofauti au umlipe "wakala wake wa meli": funga mazungumzo. Huo ni wizi wa zamani.

Fedha

Gari haliondoki, wala karatasi ya asili haitoki mkononi mwako, mpaka benki yako yenyewe ikuambie fedha zimeingia na zinaweza kutolewa. Picha ya uhamisho kwenye WhatsApp si fedha. Nenda kaunta, uliza. Pesa ya simu inafaa kwa amana ndogo tu. Mnunuzi wa hapa akilipa dola taslimu, hesabieni ndani ya benki, noti ipitishwe mashine: unajua mwenyewe hapa noti yenye mchaniko mdogo au doa inavyokataliwa sokoni, na muuzaji ndiye anabaki nayo.

Mkataba utaje namba ya shasi na ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kwamba gari linauzwa lilivyo, orodha ya vitu vinavyokwenda nalo, tarehe na saa ya makabidhiano, na sahihi za pande zote mbele ya notere. Vipuri vya zamani vilivyo kwenye depo, jeki, gurudumu la akiba, redio iliyong'olewa, vyote viingie kwenye orodha. Vina thamani zaidi kwa gari kuliko kwako.

Kulipakia

Mwachie mnunuzi alipe na apange usafiri, jukumu lako liishe gari likishafungwa ndani ya kontena, na hilo liandikwe. Karatasi za kutoa gari nchini ni kazi ya deklarani, wakala wa forodha, anayetambuliwa na DGDA, idara ya forodha ya Kongo. Usijaribu kuzikimbiza mwenyewe ofisi kwa ofisi. Njia ya kawaida inapita Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini, kisha Zambia mpaka Dar es Salaam au kusini Durban. Bima ya safari ifunguliwe kabla gari halijatoka uani, kwa sababu barabara ina vishindo vingi kuliko bahari.

GTV ina urefu wa mita 4.08 na upana wa mita 1.58, kwa hiyo kontena ya futi 20 inatosha na nafasi inabaki kwa masanduku ya vipuri. Tangi liwe tupu, batri imetolewa, magurudumu yamefungwa kwa mikanda na kuzuiwa kwa mbao. Mikanda isipite juu ya rangi wala kwenye bampa. Piga picha ya mwisho mlango ukifungwa, namba ya sili ionekane. Siku hiyo hiyo peleka nakala ya mkataba ofisi ya kodi, gari litoke kwenye jina la jamaa, la sivyo vinyeti vitaendelea kudaiwa.

Kuhusu plake. Zilikuwa mbili, zimeandikwa Shaba, na kwa mkusanyaji ni sehemu ya historia ya gari, kwa hiyo sikuzificha kwenye tangazo. Nilimwambia mnunuzi kwamba Mama ameomba. Akajibu kesho yake kwamba moja inamtosha. Ya nyuma iko kwenye orodha ya mkataba, kifungu cha saba. Ya mbele Mama ameitundika sebuleni, haijaoshwa.